Chupa ya Bi Subilaga

Haya, kaeni vizuri. Mwenye kutaka kulia alie baadaye, maana mimi nikikatizwa nanyanyuka naenda zangu. Hadithi hii haina zimwi wala jini. Ina watu watatu na chupa moja ya plastiki inayoenea kiganjani, na nimewaita mnisaidie kuamua kwa sababu mimi imenishinda.

Palikuwa na hospitali milimani, kule kwenye chai na baridi. Bi Subilaga, mchuma chai, alijaliwa ukweli: akisema ndiyo ni ndiyo, akisema hapana usimrudie. Gwakisa, fundi wa maabara, alijaliwa subira. Dokta Tusekile, mtafiti, alijaliwa maswali. Hata chai ikipoa mezani alitaka kujua imepoaje.

Bi Subilaga alitokwa na doa jeusi kisiginoni. Akadhani ni mwiba umebaki ndani. Kila Jumapili akawa anakaa mlangoni, analoweka mguu kwenye beseni, analiparura kwa wembe. Miaka miwili anaparura! Ukimuuliza anakujibu, "Sugu tu hii. Mchuma chai gani hana sugu?" Jamani, haikuwa sugu. Ilikuwa melanoma, saratani inayoanzia kwenye seli zinazoipa ngozi rangi yake. Alipofika hospitali doa lilishakuwa uvimbe kama ndimu, unatoa maji, na mguu ukakatwa chini ya goti.

Kwao, kiungo kikikatwa ndugu hukichukua wakakizika pale pale mwenyewe atakapolazwa siku yake ikifika. Shemeji zake wakaja na shuka jeupe. Dokta Tusekile akawaomba wachukue mguu, ila ule uvimbe ubaki maabara, aujue unasafirije mwilini. Wakafoka, "Tumzike mtu vipande vipande?" Bi Subilaga akawakatiza kutoka kitandani: "Mguu wa nani? Wenu au wangu? Mwacheni achukue." Kisha akamgeukia dokta. "Lakini nikifa, mwanangu, unirudishie. Chote, kisibaki hata chembe. Sitaki kulala pungufu."

Dokta akasema, "Ndiyo, mama." Alisema vile tunavyowaambia wagonjwa ndiyo, ili watulie walale. Gwakisa alikuwa amesimama pale na ndoo ya barafu, akasikia.

Sasa Gwakisa. Alikuwa amekwisha kujaribu kukuza seli za wagonjwa tisa, na zote zilikufa wiki ya kwanza. Za Bi Subilaga zikakubali kuishi. Zilijishikiza chini ya chupa, naye akawa anazilisha maji mekundu yenye virutubisho, anazihamishia chupa nyingine zikijaa, Krismasi kazini, Pasaka kazini, mpaka mkewe akamwambia ahamie huko huko. Mwaka wa pili umeme ukakatika siku tatu na jenereta likagoma. Akiba yote iliyokuwa kwenye friza ikaharibika. Gwakisa alichukua chupa moja akaifunga tumboni kwa khanga, chini ya sweta, seli zipate joto la mwili, akakaa nayo siku zote tatu bila kulala ubavu ubavu, asije akaimwaga. Umeme uliporudi, seli za Bi Subilaga zilizobaki nje ya mwili wake zilikuwa hizo za tumboni kwa Gwakisa.

Dokta Tusekile naye alikesha na hadubini mpaka macho yakawa mekundu. Swali lake lilikuwa moja: seli iliyotulia na jirani zake, inaondokaje? Akagundua hivi. Seli za ngozi hushikana kwa protini, kama watu walioshikana mikono. Ile ya saratani huuachia mkono wa jirani, ikaota mkono mwingine, unaoshika kuta za mishipa ya damu. Kwa mkono huo mpya husafiri mpaka kwenye mapafu, ini, ubongo. Dokta akatafuta kitu cha kuuzuia mkono mpya usiote. Alijaribu dawa mia mbili na kitu. Moja, kwenye chupa ya Gwakisa, ilifanya kazi: seli zikarudi kushikana, zikatulia. Akalia peke yake maabara. Alichobakiza ni miezi mitatu ya vipimo kwenye seli hizo hizo kabla dawa haijaruhusiwa kumgusa mtu.

Bi Subilaga hakuonja hata tone. Za kwake zilikuwa zimeshafika mapafuni. Alikufa Jumatano asubuhi, anakohoa damu, anamwita mama yake aliyekufa zamani. Iliniuma, sitawaficha.

Alhamisi jeneza likaletwa uani pa hospitali. Maziko saa nane. Saa saba binti yake, Atupele, akaingia maabara na kitenge kipya mkononi.

"Nimekuja kumchukua mama," akasema.

Gwakisa akaikumbatia chupa. "Dada Atupele, pole sana. Lakini kipande alichokitoa mama kiliisha ndani ya mwezi mmoja. Hizi zimezaliwa hapa, mikononi mwangu. Ningelala siku moja tu, leo usingekuwa na cha kudai."

"Kaka, mtoto akilelewa na yaya, anakuwa wa yaya?"

Gwakisa akasema jambo baya, na nadhani mwenyewe analijutia: "Hizi ndizo zilizomuua. Unataka kumlaza mama yako na muuaji wake?"

Atupele machozi yakamtoka. "Ni mwili wake. Ubaya wake na uzuri wake, ni yeye. Mama hakuwahi kumdanganya mtu, na dokta alimwambia ndiyo."

Dokta Tusekile akakaa chini. "Nilisema," akajibu. "Siwezi kukana. Lakini Atupele, bila yale maswali yangu, hizi zingekuwa uchafu tu kwenye chupa. Na kitanda cha sita yuko Lugano, baba wa watoto wanne. Doa lake bado liko kisiginoni, halijasafiri, ila kukata tu huenda kusimwokoe, kama hakukumwokoa mama yako. Ana miezi, labda mitano, kabla halijasafiri. Chupa hii ikienda kaburini, mimi sina pa kuanzia, na yeye hana pa kukimbilia."

"Lugano namjua," Atupele akasema. "Watoto wake wanachota maji kwetu. Je, mimi nikamwambie nini mama? Kwamba alitoa, wakachukua, na neno lake likatupwa?"

Naona wewe hapo umeshafungua mdomo useme wagawane, nusu kaburini, nusu maabara. Ufunge. Marehemu alisema chote, na aliyebakisha nusu amevunja ahadi nzima.

Basi Gwakisa ameitua chupa mezani, na seli ziko ndani, hai, hazijui kwamba mwenyewe amekufa. Aliyezitoa mwilini yuko uani, amevalishwa, anasubiri. Aliyezifunga tumboni amesimama hapo. Aliyezijulia siri ameinamisha kichwa. Nje seremala anauliza kama apige misumari au asubiri.

Ukiamua Atupele apewe, ondoka hapa mwenyewe uende kitanda cha sita ukamwambie Lugano, watoto wake wakiwa wamekaa pembeni ya kitanda. Ukiamua chupa ibaki, toka uende uani kabla jeneza halijafungwa, umtazame Bi Subilaga usoni, na umwambie alale hivyo hivyo, pungufu.

Semeni. Chupa ile ni ya nani, na wewe ungeipeleka wapi?