Anayepisha Kwenye Kona ya Mbwiga

Sogeeni. Anayetaka kulala alale sasa, maana hadithi hii nilipewa bila mwisho wake, na nitawakabidhi hivyo hivyo.

Katika nyanda za juu kusini, kule chai inakopanda vilima hadi ikapotelea kwenye ukungu, kulikuwa na timu ya mbio za pikipiki iliyoitwa Ngurumo. Miongoni mwa watu wake walikuwamo watatu, na kila mmoja Mungu alimpa chake.

Subilaga alipewa sikio. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa injini. Pikipiki ikipita barabarani, yeye yuko ndani anakunywa uji, angekuambia ni ya nani, inaumwa nini, na kama mwenyewe ametoka kugombana na mtu, maana mkono wenye hasira huvuta mafuta kwa pupa.

Gwamaka alipewa mkono. Pikipiki iliyokuwa ikiwarusha wenzake matutani ilitulia chini yake kama mbuzi aliyemwona mchungaji wake. Kona walizopita wengine wakiomba Mungu, yeye alizipita akipiga mluzi ndani ya helmeti.

Lwitiko alipewa neno. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alikuambia jambo mara moja tu, taratibu, akikutazama, nawe ukajikuta umeshalitenda kabla hujajiuliza kama ulikubali.

Lwitiko alikuwa meneja wa timu, ila si yeye aliyeianzisha kazi hiyo. Kabla yake alikuwapo Mzee Kasebele, ambaye waendeshaji wake wakimuuliza nani apite mbele, aliwajibu, "Mnaniuliza mimi? Iulizeni barabara." Kila mtu alishindana kwa nguvu zake, hata na mwenzake wa timu. Lakini wenye timu walichoka kuwa wa pili. Alasiri moja walimwita Mzee Kasebele mbele ya pikipiki, wakampa saa ya ukutani na maneno ya shukrani, wakamfungulia mlango. Kesho yake akaja Lwitiko.

"Timu ni mkuki," Lwitiko aliwaambia. "Mmoja ni ncha, mwingine ni mpini. Mpini haugombanii kuchoma."

Ncha alimchagua Gwamaka. Mpini alimpa Ambilikile.

Huyu Ambilikile alikuwa mkubwa kuliko Gwamaka, na ndiye aliyemfundisha kupanda pikipiki. Alikuwa mtoto pekee wa Bi Tupokigwe, mjane. Aliposikia kwamba yeye ni mpini, aliendelea kuifuta pikipiki yake.

Mbio kubwa za mwaka zilikuwa za Lugombo. Barabara ya lami inayouzunguka mlima ilifungwa, magari yakazuiwa, na waendeshaji wakazunguka na kuzunguka hadi bendera iliposhushwa. Kona mbaya ilikuwa moja tu, ikiitwa Kona ya Mbwiga, ambapo barabara hukunja ghafla juu ya bonde, na ukungu hukaa hapo kama mwenye nyumba.

Mwaka huo, mzunguko wa mwisho, Ambilikile ndiye aliyekuwa mbele. Hakubebwa na mtu. Alikuwa ameamka vizuri, na barabara ilimkubali. Gwamaka alimfuata kwa karibu, na wapinzani walikuwa mbali nyuma yao. Kabla tu ya Mbwiga alisimama Lwitiko na ubao mweusi, Subilaga kando yake. Ubaoni palikuwa na neno moja kwa chaki nyeupe: PISHA.

Ambilikile aliliona. Akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyeambiwa neno zito na ndugu yake. Kisha akatii. Akapunguza mwendo, akageuza shingo kutazama Gwamaka anakuja upande gani, ili ampishe vizuri, wasigongane.

Kona ikafika shingo ikiwa bado imegeuka.

Gwamaka alipita bila kujua kilichotokea nyuma yake. Alipokea bendera, akanyanyua mikono juu, ndipo akaona hakuna anayepiga makofi.

Wakubwa wa mbio walisema ni utelezi. Kombe akapewa Gwamaka. Watu watatu tu ndio waliolijua lile la ubao: aliyeunyanyua, aliyesimama kando yake, na Gwamaka, ambaye aliusoma akiwa nyuma. Wote watatu wakanyamaza, wakamzika Ambilikile, wakarudi kazini.

Mwaka uliofuata, mazoezi ya Lugombo yalipoanza, yakaanza pia mambo ya ajabu.

Kila aliyeingia kwenye ukungu wa Mbwiga alisikia pikipiki nyingine ubavuni mwake. Akitazama, hakuna mtu. Na ile sauti haikumkimbiza yeyote. Ingekuwa inakimbiza, labda wangeizoea. Ilikuwa inapunguza mwendo. Ilimfikia mtu, ikashusha gia, ikalegea, kama inamwambia, haya, pita wewe. Na mtu akipata hofu ile huvuta mafuta, na Mbwiga si mahali pa kuvuta mafuta. Mmoja aliangukia kwenye chai, akavunjika nyonga. Mwingine alisimamishwa na vyuma vya kingo, nusu ya mwili wake ikining'inia bondeni.

Wakubwa walisema ni mwangwi wa bonde.

Bi Tupokigwe naye alikuwa ameanza kuja. Kila siku ya mazoezi alikaa kwenye kigoda chake pale mwisho wa mbio, shali mabegani, macho barabarani. Walipombembeleza arudi nyumbani, aliwauliza, "Mwanangu hajafika. Nyumbani naenda kumpikia nani?"

Sasa sikilizeni alichokifanya kila mmoja.

Subilaga alikwenda Mbwiga. Alisimama ukingoni, mahali ambapo pikipiki zilipita karibu naye kiasi cha kuweza kuzigusa, akavua vile vya kuzibia masikio. Mlio wa zile injini ulimwingia kichwani kama msumari. Akavumilia, akarudi tena siku iliyofuata, na iliyofuata, akiichambua sauti moja katikati ya nyingi, kama mtu anayetafuta uzi mmoja kwenye nguo. Siku ya mwisho sikio lake la kulia lilinyamaza. Halijasema tena mpaka leo. Lakini alikuwa ameshasikia.

Alikwenda moja kwa moja kwa Lwitiko.

"Bosi, ni yeye."

"Nani?"

"Unamjua. Injini ile niliifunga kwa mikono yangu. Na mwangwi haushushi gia usipoishusha wewe. Anafika pale, anaachia mafuta, anasubiri mtu apite. Akishapita, anarudi nyuma, anaanza upya. Anapisha, bosi. Ulimwambia apishe, na hakuna aliyemwambia basi."

Wenye timu walikuwa wamemwambia Lwitiko wiki ile ile kwamba kombe lisiporudi Ngurumo, na yeye asirudi ofisini.

"Unataka nifanye nini, Subilaga?"

"Neno lako ndilo limemshika. Neno lako limwachie."

Kisha akamfuata Gwamaka, akamkuta amekaa chini karibu na gurudumu.

"Na wewe, mdogo wangu, akikupisha usipite. Mpishe yeye."

"Dada, nikifunga breki Mbwiga wenzangu watanipita wote."

"Watakupita."

"Au watanipanda mgongoni."

"Inawezekana."

Gwamaka alicheka, kicheko kisichokuwa na kitu ndani. Kulikuwa na wageni waliokuja kumtazama, watu wa timu kubwa ya nje. Walikuwa wamemwahidi kwamba akishinda Lugombo mara ya pili, watamchukua. Alikuwa ameitafuta nafasi hiyo tangu alipoanza kukaa juu ya pikipiki.

Siku ya mbio ikafika na mvua nyembamba. Ukungu ulishuka mpaka ukafunika nusu ya mlima.

Lwitiko alitoka mahali pake pa kawaida. Alikwenda kusimama pale pale Ambilikile alipoangukia, nje ya vyuma vya kingo, mahali ambapo pikipiki ikiteleza humzoa aliyesimama. Aliushika ubao ule ule mweusi, akaukumbatia maandishi yakiwa kifuani, mvua isiyafute.

Mzunguko wa mwisho Gwamaka alikuwa mbele. Nyuma yake kulikuwa na wawili wa timu pinzani, wakimpumulia. Akaingia kwenye ukungu.

Alisimulia baadaye kwamba kwanza goti lake la kulia lilishika baridi, kama limeingizwa kisimani. Kisha akasikia. Injini ilimfikia, ikashusha gia, ikalegea. Haya, pita wewe.

Mkono wake, ule mkono aliopewa na Mungu, ulitaka kuvuta mafuta. Akaubana. Akagusa breki. Pikipiki ikayumba kwenye lami yenye maji, akaishika, akapunguza, akapunguza tena.

"Kaka, tangulia," alisema ndani ya helmeti yake. "Mimi nakufuata."

Ile sauti nayo ikazidi kupungua. Yeye akipunguza, nayo inapunguza. Wakawa pale, aliye hai na aliyekufa, kila mmoja anampisha mwenzake kwenye kona isiyosubiri mtu, na nyuma wale wawili wanakuja hawajui lolote.

Hapo Lwitiko akaruka vyuma, akatua barabarani. Akanyanyua ubao juu ya kichwa. Neno lilikuwa moja: TANGULIA. Na yeye ambaye hakuna mtu aliyewahi kumsikia akipaza sauti, akapiga ukelele uliosikika mpaka kwa wachuma chai ng'ambo ya bonde.

"Ambilikile! Tangulia! Hizi mbio zilikuwa zako! Zako! Nenda!"

Injini ikanyamaza kidogo, kama mtu anayevuta pumzi. Kisha ikapanda. Gia ya tatu, ya nne, ya tano. Upepo ukampiga Lwitiko kifuani, ukamtupa kwenye vyuma. Wale wawili wakatokea kwenye ukungu, mmoja kushoto kwa Gwamaka, mmoja kulia, wakapita zao.

Kule mwisho wa mbio Bi Tupokigwe alisimama. Wengi walikuwapo, na wengi wameniambia mimi jambo moja. Barabara ilikuwa tupu. Lakini maji yaliyotanda juu ya lami yaligawanyika katikati, mstari mmoja mwembamba ulionyooka, ukavuka mwisho wa mbio ukaenda. Na mshika bendera, mtu mzima asiyependa mizaha, alijikuta ameshaishusha bendera.

Subilaga alikuwa amesimama kando ya yule mama. Aligeuza kichwa huku na huku, akitafuta kwa lile sikio lake moja.

"Mama, amepita?"

"Amepita, mwanangu," Bi Tupokigwe alisema. "Amefika."

Ndipo wakaja wale wawili, na Gwamaka wa tatu.

Tangu siku hiyo Mbwiga pako kimya. Lwitiko alinyang'anywa ufunguo wa ofisi jioni ile ile. Wale wageni walipanda gari lao bila kumuaga Gwamaka. Subilaga bado ni fundi, ila sasa hulaza kiganja juu ya injini, akapapasa kwa mkono kile alichokuwa akikisikia toka mbali.

Siku arobaini baada ya mbio zile, Bi Tupokigwe aliwaita wote watatu nyumbani, na Mzee Kasebele naye, kwa sababu alimjua kuwa mtu wa haki. Akawapikia ndizi, wakala, wakamsimulia yote majirani wakisikia, hata lile la ubao wa kwanza. Kisha akaingia chumbani, akatoka na koti la ngozi la mwanawe, lile alilokuwa akilivaa kwenye mbio.

"Mwanangu alinifia akiwa njiani," alisema. "Mmemfikisha. Sasa nyumba hii ina nafasi moja, ya mtoto. Atakayevaa koti hili nitamwita mwanangu, naye ataniita mama. Atakula hapa, atakirithi kiwanja hiki, na siku yangu ikifika, yeye ndiye atakayenitupia udongo wa kwanza. Nilizaa mmoja, na nimebaki na nguvu za kulea mmoja. Mzee Kasebele, nani alivae?"

Majirani waliokuwa mlangoni wakaanza.

"Subilaga. Bila sikio lake tungeendelea kuiita sauti ile mwangwi."

"Kusikia ni kusikia tu. Gwamaka ndiye aliyeiweka roho yake kwenye ile kona, na ndoto yake akaiacha pale."

"Ndoto ipi? Kombe la kwanza lilikuwa la nani? Alirudisha deni."

"Basi ni Lwitiko. Pasipo neno lake wangekuwa pale mpaka leo."

"Lwitiko! Aliyemuua ndiye avae koti lake?"

Gwamaka aliinua uso. "Mimi sina mama," alisema. "Lakini siwezi kulidai koti la mtu niliyemwona akipoteza ushindi wake nikanyamaza."

"Nilinyamaza na mimi," alisema Subilaga. "Nilikuwa nimesimama pale pale."

Lwitiko alikuwa amepiga magoti karibu na mlango tangu alipoingia, na hakuna aliyemwambia ainuke. Bi Tupokigwe alimtazama muda mrefu kuliko alivyowatazama wengine, na hakuna aliyeweza kujua kama ni chuki ile au ni kitu kingine.

Mzee Kasebele alilishika lile koti. Akalipima uzito wake, akalikunjua, akalikunja. Jasho lilimtoka, na huko kwetu ni baridi.

"Maishani mwangu nimewaambia watu waiulize barabara," alisema mwishowe. "Leo barabara haipo." Akaliweka koti mezani, akatoka nje.

Liko mezani hadi sasa. Mama anazeeka. Kila Jumapili watatu wale huja, hukaa, hula, na hakuna anayelitazama.

Haya, ninyi mmesikia yote, hamkufichwa hata moja. Mwenye sikio, mwenye mkono, mwenye neno. Simama wewe mbele ya yule mama, ulichukue lile koti kwa mikono yako miwili. Unamvika nani?