Kiota cha Bata Kishungi

Mwaka ule mawingu yalipita juu ya Ziwa Lumwe kama wageni wasioijua nyumba. Yalipita, hayakushuka. Ziwa likanywea, likawa tope; tope likakauka, likapasuka. Maji safi yakabaki mahali pamoja tu, kwenye kidimbwi kidogo kando ya matete, palipokuwa na chemchemi.

Wanyama wa Lumwe walikuwa na chama cha kutazama ndege. Mwenyekiti alikuwa Simba, ambaye hakupenda ndege sana, ila alipenda kuwa mwenyekiti. Kila asubuhi walikutana ufukoni kuelezana nani kaona nini. Mmoja akisema kaona korongo, wa pili alisema kaona korongo yuleyule, ila yeye alimwona jana. Sheria zao zilikuwa chache na kali. Aliyegundua kiota ndiye mlinzi wake, na wengine hawakisogelei mpaka vifaranga watoke. Na ndege akitua karibu nawe, unaganda kama jiwe mpaka aondoke mwenyewe.

Asubuhi moja Fisi akaja mbio, ulimi nje.

"Wanachama! Nimemwona Bata Kishungi!"

Bata Kishungi alikuwa ndege wa kusimuliwa tu. Hata babu zao walimsikia kwa babu zao.

"Wapi?" akauliza Simba.

"Kwenye matete, pale pale kidimbwini. Kalalia mayai." Fisi akajipangusa mate. "Kwa hiyo, kwa masikitiko makubwa, pale hanywi mtu ila mlinzi. Na mlinzi, jamani, ni mimi."

Wote wakayatazama matete. Hakikutikisika kitu. Lakini Tumbili hakuweza kuvumilia kupitwa. "Namwona!" akapiga kelele. "Kishungi chekundu kile!"

Simba akakohoa. "Mimi nilimwona tangu nilipofika. Nilinyamaza ili wanachama wadogo nao wapate la kusema."

Mambo yakawa hayo. Fisi akanywa maji matamu, akaoga, akaloweka mkia. Wenzake wakanywa tope. Simba naye akanywa tope, akakohoa, akasema tope huimarisha mifupa.

Mama Swala alikuwa na mtoto mchanga, na mtoto yule kila tope alilonyweshwa alilitapika. Miguu ilimtetemeka, macho yalimzama. Mama akamfuata Fisi.

"Kaka Fisi, mwanangu anakufa. Niachie funda moja tu."

"Dada, mimi ningekupa hata sasa hivi. Lakini bata! Akishtuka akayaacha mayai, utawaambia nini wajukuu zako?"

"Nitapata wapi wajukuu mtoto akifa?"

"Hapo sasa unaleta siasa," akasema Fisi, akarudi majini.

Swala akaenda kwa Simba. "Mheshimiwa, hivi huyo bata wewe umemwona kweli?"

Manyoya ya shingo yakamsimama Simba. "Mama, unamhoji mwenyekiti?"

Swala akainamisha kichwa, akaondoka. Sungura alikuwa ameketi pembeni akitafuna bua kavu, na yote aliyasikia.

"Dada," akamwita, "usiwaambie bata hayupo. Wote wameshamwona, na hakuna kati yao atakayekubali kurudi nyuma. Kesho njoo na mtoto, mkae karibu na kidimbwi. Niachie mimi."

Kesho yake, mkutano ukiwa umepamba moto, Sungura akainua mkono.

"Shh! Msijitikise. Bata anatoka kwenye matete."

Wote wakaganda. Fisi mwenyewe akageuka kutazama.

"Anayasukuma mayai kwa mdomo," Sungura akanong'ona. "Polepole, polepole. Anahama."

"Anakwenda wapi?" akauliza Simba, kisha akajikumbuka. "Yaani, mimi naona anakokwenda. Nawauliza kwa niaba ya wenye macho hafifu."

"Anakwenda kwa Bwana Fisi. Huyo, anaingia chini ya tumbo lake. Ametulia. Kayalalia."

"Mkia wake umejitokeza!" akasema Tumbili. "Oneni ulivyo mzuri!"

Fisi akachungulia chini ya tumbo lake. Aliona vumbi, na kupe mmoja.

"Hakuna ki..." akaanza.

"Hakuna nini, Bwana Fisi?" Sungura akamwuliza kwa upole. "Wewe uliyemwona kabla yetu sote, leo ndiyo humwoni?"

Fisi akamtazama Simba, akamtazama Tumbili. "Hakuna... hakuna bata mzuri kama huyu," akasema.

"Basi ganda, mlinzi. Sheria unaijua."

"Na kule kidimbwini?" akauliza Swala.

"Kule hakuna kiota tena, dada. Mnyweshe mtoto."

Mtoto akapiga magoti, akanywa. Alikunywa akapumzika, akanywa tena, na safari hii hakutapika. Nyuma yake wakaja wengine wakisukumana, Simba akiwakumbusha kwa sauti kwamba yeye ni mwenyekiti.

Fisi akabaki juani, miguu kaitanua, mgongo unamuuma. Kila aliyepita aliinama na kusifu mayai.

"Ameshaondoka?" akanong'ona.

"Bado," akajibu Sungura. "Ndiyo kwanza anasinzia."

Kisha upepo ukageuka, ukaleta harufu ya mzoga kutoka ng'ambo ya ziwa. Pua ya Fisi ikacheza. Akafumba macho, akajikaza, akajikaza tena. Miguu yake haikuomba ruhusa, ikaruka.

"Mayai!" Tumbili akapiga yowe. "Kayakanyaga pamoja na bata! Nimeyasikia yakipasuka!"

"Mimi nimeyasikia kabla yako," akasema Simba.

"Mayai gani?" Fisi akalia. "Hakuna bata! Hajawahi kuwapo! Niliwadanganya nipate maji peke yangu!"

"Tazameni asivyo na haya," akasema Simba. "Amemuua, na sasa anamkana."

Wakamfukuza. Fisi akatokomea nyikani akiwa bado anaapa kwamba alikuwa mwongo, wala hakuna aliyemsadiki.

Wanachama wakakaa matanga. Simba akasimama kumsifu marehemu: mwendo wake, unyenyekevu wake, na jinsi wao wawili walivyokuwa wamezoeana. Tumbili akalia mpaka akashikiliwa.

Hotuba ikiwa katikati, bata mdogo wa rangi ya majivu akashuka kidimbwini, kando ya mtoto wa Swala. Utosini alikuwa na kishungi chekundu.

"Mheshimiwa," akasema Mama Swala, "samahani, hebu tazama..."

"Mama Swala!" Simba akamkemea bila kugeuka. "Tuna msiba hapa."

Ndege akanywa, akakung'uta mbawa, akaruka zake. Mtoto akamsindikiza kwa macho mpaka akawa nukta angani, kisha akainama, akaendelea kunywa.