Karibu Kibandani

Palikuwa na liwali aliyetoza kodi ya majengo: nyumba ya mawe kodi kubwa, kibanda cha makuti kodi ndogo. Tajiri Shengwa alikuwa na jumba la ghorofa tatu, lakini mtoza kodi alipobisha hodi, alimjibu kwa unyenyekevu, "Karibu kibandani," akalipa kodi ya kibanda. Pengo hilo wakaliziba wenye makuti kwa kuongezewa kodi, akiwamo Bi Kidawa, muuza vitumbua.

Siku moja Shengwa akamtaka Kidawa ahame ili yeye ajenge pale banda la farasi.

"Nitakupa kibanda kingine."

"Chochote nitakachochagua katika vibanda vyako?"

"Chochote."

"Basi tukayaseme kwa liwali, bwana wangu. Mimi msahaulifu."

Shengwa akaapa mbele ya liwali huku akicheka. Kidawa akajitanda kanga yake vizuri, akanyoosha kidole dirishani.

"Nimechagua kile cha ghorofa tatu."

"Ile ni nyumba!" Shengwa akamaka.

"Tangu lini?" akauliza liwali.

"Tangu nilipoijenga."

Liwali akamgeukia mtoza kodi. "Umesikia. Atalipa kodi ya nyumba tangu siku hiyo, na wenye makuti wapunguziwe."

Shengwa alipopita kwa Kidawa akirudi kwake, vitumbua vilikuwa vinanukia.

"Karibu kibandani, bwana," akasema Kidawa.