Kwa Nini Mnana Hufumua Kiota Chake

Zamani, zile ambazo hata wazee wetu walizisikia tu, mnana hakujua kusuka. Alijenga kama walivyojenga ndege wengine: analundika vijiti vikavu kwenye panda ya mti, anaweka manyoya kidogo juu yake, basi. Alikuwa ndege mdogo wa njano, lakini lundo lake lilikuwa kubwa kuliko la njiwa, na alilionea fahari.

Msimu mmoja mkewe alitaga mara mbili. Mara ya kwanza alikuja ukukwi, yule nyoka mwembamba wa kijani, akapanda mti taratibu na kumeza mayai yote. Mara ya pili akaja tena, maana njia alishaijua. Mke wa Mnana aliporudi alikuta vijiti vitupu, bado vina joto. Hakulia mbele ya mumewe.

"Mume wangu," alisema, "nimebaki na yai moja, na mvua zinakaribia kwisha. Sitalitaga juu ya vijiti hivi."

"Nitaongeza vingine."

"Ongeza, umjengee ukukwi ngazi."

Mnana akaruka akiwa na uchungu moyoni, asijue aendako, hadi akatua kwenye paa la nyumba moja kando ya mto. Hapo aliishi mwanamke aliyeitwa Siwema. Siwema alikuwa amejifungua kabla ya miezi kutimia, na mtoto wake alikuwa mdogo kiasi cha papai changa. Tena siafu walikuwa wameingia nyumbani, wanapanda hata miguu ya kitanda. Kwa siku tatu mtoto hakuwekwa chini. Mama alimpakata mchana, bibi akampakata usiku.

Siku hiyo bibi alikuwa na mtoto, na Siwema aliketi mlangoni akisuka susu, ule wavu unaoning'inizwa jikoni kuwekea vyungu. Alichana ukindu mbichi mpaka ukawa mwembamba kama uzi. Akasuka polepole, vidole vikipishana, macho hayatoki mkononi. Kila alipomaliza upande mmoja aliulaza shavuni. Penye kuchoma, akapafumua.

Mama mkwe wake, yule bibi wa mtoto, alichungulia. "Mwanangu, susu ya chungu huisuki kwa asubuhi moja? Hii ni siku ya tatu sasa."

"Chungu hakisikii fundo, mama," Siwema akajibu kwa sauti ndogo, akaendelea kufumua.

Mnana alishangaa. Hakuwahi kuona mtu akibomoa kazi yake mwenyewe bila kugombezwa.

Jioni susu ikafungwa kwenye boriti, na mtoto akalazwa ndani. Upepo wa mlangoni ukaibembeza. Siafu walipita chini kwa mistari yao, wakazunguka, wakakosa njia. Mtoto akalala. Siwema naye akalala palepale kwenye mkeka, kichwa ukutani, na ukindu bado umemzunguka kidoleni.

Kulipokucha Mnana alichagua tawi jembamba lililoinama juu ya mto, akaanzia kwenye ncha yake. Alichukua nyasi kavu, zikakatika. Akachukua nyingine, zikakatika vilevile. Ndipo akakumbuka kwamba ukindu wa Siwema ulikuwa mbichi. Akauma jani bichi la tete ukingoni, akalivuta huku akiruka, likachanika uzi mrefu. Akaupitisha, akauzungusha, akaukaza kwa mdomo wake mdogo.

Kunguru alikuwa akipita, akatua karibu. "Nyumba gani hiyo, shemeji? Au unausuka mti nywele?" Akacheka hadi akakaribia kuanguka tawini. "Hiyo kazi ya vidole, nawe vidole huna."

Mnana akaendelea kukaza. Mdomoni alikuwa na uzi.

Alipomaliza akamwita mkewe. Mkewe akaingia, akaegemeza shavu huku na huku, akavuta uzi mmoja, akavuta wa pili. "Hapa panachoma," akasema. Mnana akatazama mawingu yaliyokuwa yakipungua, akatazama kazi ya siku nzima. Kisha akaifumua yote, majani yakaanguka mtoni.

Akasuka tena. Mkewe akaja. "Laini sasa ni laini, lakini mlango unatazama juu. Mvua ya mwisho itamkuta mtoto kitandani."

Akafumua tena. Mara ya tatu aligeuza mlango ukatazama maji. Mkewe akaingia kutoka chini. Mnana akasubiri nje.

"Mke wangu?"

"Nyamaza kidogo," sauti ikatoka ndani. "Natandika."

Yai likatagwa kabla ya mvua kukatika. Ukukwi akaja kama kawaida yake, akatambaa hadi kwenye ncha, tawi likainama, akateleza na kuangukia mtoni. Siku chache baadaye kikasikika kilio chembamba ndani ya kile kibuyu cha majani.

Toka msimu ule, mnana hutundika kiota chake kwenye ncha za matawi, na hupenda miti iliyo karibu na nyumba za watu. Mkewe asiporidhika, mume hakifichi wala hagombi. Hukifumua kwa mdomo wake mwenyewe. Kwa hiyo asubuhi ukikuta nyuzi za majani mabichi zimetapakaa uani kwako, fagia taratibu. Juu pale yuko baba anayeanza upya, na mama anayesubiri.