Rundo Lililomngoja Mgeni

Hebu nikuulize wewe unayenisikiliza: mtu aliyezaliwa ufuoni, anayetazama mwezi tu akajua maji yatafika wapi, anawezaje kuweka mali yake njiani mwa maji hayo, kisha akasimama kuyatazama yakiichukua? Usikimbilie kusema ni mjinga. Hata mimi nilianzia hapo, na sikufika mbali.

Mtu mmoja alikuwa na wavu. Aliitwa Lali, na wavu huo ndio uliokuwa shamba lake na duka lake; hakuwa na mwingine. Vielea vyake alivichonga mwenyewe kutoka kwenye ndala kuukuu za manjano, kwa hiyo hata ukiwa mbali ungesema, ule ni wa Lali. Lakini wavu ulikuwa umeanza kupanda na chupa, nepi na vipande vya kamba kuliko samaki. Na desturi ya wavuvi wa pale ilikuwa kuukung'uta papo hapo: samaki wabaki ndani ya mashua, taka zirudi majini. Kesho yake wanazivua zile zile, wanazitukana, wanazirudisha.

Aliyewachoka ni Mwanaesha, mwanamke aliyekaanga samaki na kuwauza pale pale ufuoni. Siku moja mafuta yake yalichemka hadi yakakauka, samaki hakuna. Akawaambia, "Nyinyi wanaume, chupa moja mnaivua mara ngapi ndipo muwe mmeivua?"

Wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Wakapatana kwamba kitakachopanda na wavu hakirudi baharini. Kampuni ya samaki, ambayo meli zake huvua nje ya mwamba, nayo ikakubali: manahodha wakaleta magunia, wakaanza kurudi na nyavu zao zilizochanika badala ya kuziacha huko. Ofisi ya serikali ikasema italeta lori la kuzipeleka taka jaani. Sikia vizuri hapo. Kijiji kilitoa mikono, kampuni ikatoa magunia, ofisi ikatoa neno.

Rundo likakua mchangani, kubwa kuliko nyumba. Upepo ukaanza kuipeperusha mifuko myepesi kuirudisha majini. Lali akaenda nyumbani, akaleta wavu wake, akalifunika rundo, akaubana kwa mawe.

"We Lali, sasa utavulia nini, kofia?" Mwanaesha akamuuliza.

"Ni mpaka Jumatano tu, dadangu. Lori likija, nachukua changu."

Jumatano lori halikuja. Ilikuja simu ya ile ofisi. Chief guest, mgeni rasmi wa kuizindua kazi hiyo, amepata commitment nyingine, launch imesogezwa hadi Jumamosi, lori litaandamana na msafara wake. Na rundo lisiguswe, liachwe hapo hapo lilipo, kwa sababu mpiga picha anataka taka mbele na bahari nyuma. Ati visibility, kazi ionekane.

Sasa hapa ndipo akili yangu hukwama. Wote walijua. Mwezi ulikuwa unaandama, Ijumaa ni bamvua, yale maji makubwa yanayopanda hadi ukuta wa ghala la barafu na kuacha alama yake ya chumvi. Mtoto wa pale angekuonyesha hiyo alama kwa kidole. Mwanaesha na baadhi ya wavuvi wakaanza kuliburuta rundo kulipeleka juu. Mwenyekiti wa wavuvi akawazuia. "Mkilitoa hapa, mgeni atapigwa picha mbele ya nini? Atasema tulilala." Wakaachia. Watu hao hupita kwenye mwamba kwa mashua usukani umevunjika, na waliachia gunia kwa sababu ya mtu ambaye hawajamwona.

Na Lali je? Angeweza kuutoa wavu wake akaondoka nao. Nimeligeuza swali hili kila upande. Nadhani aliona kwamba akiutoa, upepo utazibeba taka na yeye ndiye atakayeambiwa ameharibu kazi ya wote. Mtu mwaminifu hushikwa hapo. Cha kwake ndicho kinachoshikilia cha watu, kwa hiyo hawezi kukitoa, na hakuna anayekuja kumsaidia kushika.

Ijumaa alasiri maji yakaja. Hayakuja kwa hasira. Yalipenya chini ya rundo, yakaliinua polepole kama mtu anayemwinua mgonjwa kitandani, yakaondoka nalo pamoja na wavu na mawe yake. Waliomwogopa mgeni kuliko maji wakakimbilia mashua. Walipofika na mashua, wavu ulikuwa umenasa kwenye mwamba, chini kusikofikika, na nusu ya vielea inachungulia juu.

Jumamosi mgeni akafika, akakuta ufuo safi kama ua uliofagiliwa kwa ajili ya arusi. Akafurahi mno. Akasema hii ndiyo community ownership tunayoitaka, wananchi kuimiliki kazi yao, akapigwa picha na bahari nyuma yake, akaomba mvuvi mmoja atoe neno la shukrani. Wakamsukuma Lali mbele.

Lali akasema, "Mheshimiwa, bahari ilikuja siku iliyosema itakuja. Geuka uone ilichochukua tulipokuwa tukikungoja."

Mgeni akageuka. Vitu vidogo vya manjano vilikuwa vikipanda na kushuka majini. Akauliza kama hao ni ndege.

Wavu ule unavua mpaka leo, haumvulii mtu. Samaki anaingia anafia humo, mwingine anakuja kumla, naye ananaswa. Wavuvi wengi wamerudia kukung'utia taka baharini, na mimi sina uso wa kuwalaumu. Lali sasa ni baharia katika mashua ya mtu mwingine. Lakini wanasema bado huketi na gunia katikati ya miguu yake, anatia chupa humo moja moja. Kwa nini? Hilo pia sijalijua, na ndilo linaloninyima raha. Ninawajua watu wengine, waliosoma, wakawekwa wangoje ahadi kama lile rundo mchangani, wakaambiwa msisogee, mgeni yuko njiani.

Basi nyinyi mlioahidi lori, msituletee hema, fulana wala hotuba. Leteni lori siku maji yakiwa madogo, na mtu wa kwanza kushuka ashuke na wavu mpya wa Lali mkononi.