Nani Amtoe Nje Mtoto wa Nyemo?

Kaeni vizuri. Atakayepata jibu kabla sijamaliza, alifungie mdomoni kwanza, kwa sababu jibu la mapema katika hadithi hii hubadilika njiani.

Kulikuwa na kijiji kiitwacho Chigombwe, katika nchi kavu ya Ugogo, na reli ilipita katikati yake. Upande mmoja zilikuwa nyumba na mazizi ya ng'ombe. Upande wa pili kulikuwa na kisima na zahanati. Katika kijiji hicho waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Ndahani, fundi wa malimba. Malimba ni kile kibao chenye vyuma vyembamba ambavyo mpigaji huvibonyeza kwa vidole gumba. Ndahani alikuwa na masikio ya ajabu. Chuma kikipotoka sauti kidogo tu, kiasi ambacho wewe na mimi tusingejua, yeye alikunja uso kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali. Lakini sauti yake mwenyewe ilikuwa ndogo, na mguu wake mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake.

Wa pili alikuwa Masinga, kijana mchunga ng'ombe. Huyu kipaji chake kilikuwa mbio. Ndama akitoroka, Masinga humpita kwanza, kisha humgeukia na kumwuliza anakwenda wapi. Lakini ukimpa jambo la kueleza, alianzia katikati na kumalizia mwanzoni, na watu wakabaki wanatazamana.

Wa tatu alikuwa Sechelela, mama aliyeongoza ngoma ya wanawake. Alipotoa neno, watu walisimama kwanza, halafu ndipo wakauliza wamesimama kwa nini. Mbio hakuwa nazo, maana mwili wake ulikuwa mkubwa. Na masikio yake, baada ya miaka mingi ya kukaa katikati ya ngoma, yalikuwa yamechoka.

Sasa niwaambie jinsi watu wa Chigombwe walivyokaa na treni. Hawakuiogopa. Waliichukulia kama jirani mwenye kelele ambaye hupita, hupiga honi na kwenda zake. Mawe ya reli hushika joto sana juani, na wanawake waligundua kwamba majani ya mlenda yakitandazwa hapo hukauka upesi kuliko uani. Basi walitandika mikeka yao katikati ya reli. Treni ikipiga honi kwenye kona, kila mmoja alikunja mkeka wake na kushuka bondeni. Treni ikapita. Vumbi kabla halijatua, mikeka ilikuwa imerudi.

"Imeshapita," waliambiana. "Sasa njia ni yetu."

Na kweli, kwa miaka yote, ikishapita moja, nyingine haikuonekana mpaka jua lizame.

Asubuhi moja Nyemo, mke wa Chilongani, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Chilongani alimlaza kwenye mkokoteni wa punda, akatandika blanketi chini yake, akaanza safari ya kwenda zahanati. Walipokaribia reli, treni ya abiria ilikuwa inapita. Chilongani alisubiri. Alikuwa mtu mwangalifu, au ndivyo alivyojiona.

Treni ilipokwisha kupita, aliangalia kushoto, kule kwenye kivuko. Kivuko kilikuwa mbali, karibu na stesheni, pale palipowekwa mbao za kuvushia magurudumu na kibao cha kuonya. Nyemo alilia kwa maumivu.

Masinga alikuwa amesimama hapo na ng'ombe wake. "Shemeji," alisema, "unazunguka nini? Kata hapa hapa. Imeshapita."

Chilongani akakata hapo hapo. Punda walipanda tuta, gurudumu la kwanza likavuka chuma, la pili likatumbukia kati ya chuma na mawe, likakwama. Chilongani alisukuma. Punda walivuta. Mkokoteni ulilia kama mlango mbovu, usisogee hata kidogo. Kando yao wanawake, Sechelela akiwemo, walikuwa wameanza kutandaza mlenda wao.

Hapo ndipo Ndahani alipofanya la kwake. Alikuwa ameketi nje ya nyumba yake akipiga tupa vyuma vya malimba mapya. Baada ya treni kupita, mngurumo wake hufifia ardhini polepole mpaka unakwisha. Ndahani aliujua mngurumo huo kama anavyoujua mlango wa nyumba yake. Siku hiyo ulififia, ukakaribia kwisha, kisha ukaanza kupanda tena. Vyuma vya malimba mapajani mwake vikaanza kutetemeka vyenyewe. Alivifunika kwa kiganja, vikanyamaza. Akaondoa kiganja, vikatetemeka. Akavifunika tena. Aliona haya kwenda kusema jambo ambalo halijawahi kutokea. Mwisho akainuka, akauburuta mguu wake mpaka relini.

"Kuna nyingine inakuja," alisema kwa ile sauti yake ndogo.

"Nyingine nini, fundi?" aliuliza Masinga.

"Treni. Inatoka kule kule ilikotoka ya kwanza."

Mama Yeremia, aliyekuwa akitandaza mlenda, alisikia akacheka. "Inafuata nini? Ya kwanza imesahau mwavuli?" Wanawake wote wakacheka.

Hapo ndipo Masinga alipofanya la kwake. Hakucheka, wala hakubishana. Aliutazama uso wa Ndahani, akauona umekunjwa kama siku zile za chuma kilichopotoka. Akavua shuka yake nyekundu, akawaacha ng'ombe, akakimbia. Alikimbia kando ya reli, chini ya tuta, kuelekea kwenye kona ambayo haionekani kutoka kijijini. Alipoizunguka, akaiona: treni ya mizigo, mabehewa yamefuatana mpaka macho yalipokoma. Alipanda penye mwinuko, mbali kidogo na chuma, akapunga shuka kwa mikono miwili. Dereva alimwona. Honi ikalia, breki zikafunga, magurudumu yakatoa cheche. Lakini treni iliyobeba mzigo haisimami kama mtu aliyeitwa jina. Ilipunguza mwendo, ikazidi kupunguza, na bado ilikuja.

Hapo ndipo Sechelela alipofanya la kwake. Honi iliposikika, wanawake walianza kukimbilia mikeka yao kama desturi yao, kila mmoja na wake. Chilongani aliongeza kusukuma gurudumu. Nyemo alikuwa amelala juu ya mkokoteni, ameshika ubao, uchungu umembana, hawezi hata kugeuka.

"Acheni mikeka!" Sechelela alinguruma. "Chilongani, acha gurudumu!"

"Dada, limebaki kidogo tu! Punda wangu—"

"Kata kamba, punda watajua njia! Mtu kwanza!"

Akaukung'uta mkeka wake mwenyewe, mlenda wote ukamwagika juu ya mawe. "Mama Yeremia, kichwani! Wewe, miguuni! Wewe na wewe, ubavuni! Inueni!" Hakuna aliyeuliza kwa nini. Walimteremsha Nyemo kwenye mkeka, wakambeba, wakashuka naye tuta mpaka chini kwenye majani. Chilongani alikata kamba, punda wakatimka. Sechelela alishuka wa mwisho, baada ya kumshika Chilongani shati na kumvuta.

Ndipo treni ilipotokea kwenye kona, polepole, ikipiga kelele za vyuma. Ikaufikia mkokoteni, ikausukuma, ikauvunja mbao moja moja, kisha ikasimama.

Dereva alishuka, akaketi juu ya jiwe na kuomba maji. Alikunywa, akawatazama wanawake. "Mama zangu," alisema, "sisi tukiwa kule juu tunawaona. Tunaona kila kitu. Lakini hii haina usukani. Siwezi kumkwepa mtu."

Nyemo alijifungua zahanati kabla ya jua kuzama. Mtoto wa kike, mwenye mapafu mazuri.

Sasa, huko Chigombwe walikuwa na desturi yao. Mtoto mchanga hakutolewa nje mpaka kitovu kidondoke. Siku hiyo mama humchagua mtu mmoja, humkabidhi mtoto mlangoni, na mtu huyo humtoa mtoto juani kwa mara ya kwanza. Tangu hapo yeye ni mzazi wa pili. Mtoto akiugua ataitwa, na akiolewa hataachwa kuulizwa. Hachaguliwi wa pili, kwa kuwa mtoto hutolewa nje mara moja tu.

Siku ilipofika, uani kwa Chilongani pakajaa watu. Ndahani alikuja amevaa kanzu. Mkewe alikuwa amefariki zamani, na hawakujaliwa mtoto. Masinga alikuja amenawa mpaka magotini. Tangu azaliwe hajawahi kukabidhiwa kiumbe ambacho hakina kwato. Sechelela alikuja na ngoma yake. Alikuwa na wana wa kiume watano, na kila alipozaa alikuwa ameomba binti.

Bibi Perisi, mama yake Chilongani, alisimama kando ya mlango. "Haya," alisema, "semeni mapema, kabla mtoto hajalala."

"Ndahani," alisema mzee mmoja wa upande wa mafundi. "Asingesikia yeye, wengine wangeanza kufanya nini? Masinga angekimbilia wapi?"

"Alisikia, lakini alikaa," alijibu Mama Yeremia. "Amesema mwenyewe. Alikuwa anafunika na kufunua vyuma, anaona haya. Haya yake nusura ituzike."

"Na wewe, ulimcheka au hukumcheka?"

"Nilimcheka," alisema Mama Yeremia, akainama kidogo. "Ndiyo maana sijitaji mimi."

"Masinga basi!" walipaza sauti vijana. "Treni ingekuja kwa mwendo wake, hao wanawake wangekuwa bado wanatafuta ncha za mkeka. Muda wa kumbeba mtu aliuleta Masinga."

"Masinga huyo huyo," alisema Chilongani taratibu, "ndiye aliyeniambia nikate hapo hapo. Simlaumu. Miguu iliyokata ilikuwa yangu. Lakini neno lilikuwa lake."

Masinga alifungua mdomo, akaanza kueleza kuhusu ndama, na kona, na shemeji, kisha akaona haiendi popote, akanyamaza.

"Basi imebaki kwa Sechelela," alisema Bibi Perisi. "Fundi alisikia, kijana akapunga, na mkwe wangu alikuwa bado juu ya reli. Aliyemtoa ni nani?"

"Mimi na mkeka wangu," alisema Sechelela. Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. "Ila msiseme la kwangu nusu. Mkeka wa kwanza kutandikwa pale relini, miaka ile, ulikuwa wangu. Nyote mlijifunza kwangu kusema njia ni yetu. Chilongani alijifunza kwangu. Masinga alikuwa mtoto mgongoni mwa mama yake, naye alijifunza hapo hapo."

Siku hizo wanawake wa Chigombwe walikuwa wameshahamishia mlenda wao kwenye miamba nyuma ya shule. Ulikauka polepole zaidi, na kila mmoja alinung'unika, lakini hakuna aliyerudi relini.

Mlango ukafunguliwa. Nyemo akatokea kizingitini, mtoto kifuani amefungwa kitenge.

"Nimewasikia," alisema. "Mmoja wenu nilimwona uso wake juu ya uso wangu, akitoka jasho. Mmoja sikumwona, ila nilisikia breki zinalia, nikajua kuna mtu huko. Na mmoja sikumwona wala sikumsikia. Nilikuja kuambiwa baadaye, nikiwa kitandani. Tangu siku ile najiuliza ni yupi kati yenu anayenidai zaidi. Nikimwondoa yeyote, mimi sipo, na huyu hayupo."

"Chagua, mwanangu," alisema Bibi Perisi. "Jua limefika."

Na kweli jua lilikuwa limefika mlangoni, limelala juu ya vidole vya miguu vya Nyemo. Ndahani alinyoosha mikono. Masinga naye alinyoosha, akaitazama kama inatosha kwa kiumbe mdogo hivyo. Sechelela aliweka ngoma chini, akanyoosha yake. Mtoto alifumbua macho, akapiga chafya.

Wanangu, hapo ndipo hadithi inaponiachia mkono. Mmoja alitambua hatari kabla ya wote, akachelewa kidogo kwa kuogopa kuchekwa. Mmoja aliipunguzia hatari mwendo, baada ya kuwa yeye ndiye aliyewaonyesha watu njia ya kuiingia. Mmoja aliwafanya watu waache vitu na kumbeba mtu, baada ya kuwafundisha kwa miaka kwamba hapana hatari.

Mtoto yuko mikononi mwa mama yake, na mlango uko wazi. Nanyi sasa fungueni midomo: kama ungekuwa wewe pale kizingitini, ungemkabidhi nani?