Waya wa Fedha na Sauti ya Mwanakombo

Hapo zamani za kaseti, watu walipokuwa wakianika betri juani zipate nguvu (na zilipata, waulizeni walioanika), mjini Tanga aliishi mstaafu wa reli, Mzee Mwidadi. Mkewe, Mwanakombo, alikuwa mwimbaji wa taarabu. Akafariki, akaacha udi wake wa nyuzi, aliokuwa akiupiga, ukutani na kaseti moja tu yenye sauti yake.

Mzee akaisikiliza asubuhi, akaisikiliza jioni, na kila mara akalalamika: "Huyu si yeye. Kama anaimba ndani ya mtungi!" Akaacha kunyoa ndevu, akaacha kula. Nguo zilipoanza kumpwaya, akatangaza: "Atakayenirudishia sauti ya mke wangu, udi ule ni wake."

Udi wa Mwanakombo! Mtaa mzima ukageuka mafundi.

Alitangulia Makame, fundi redio. "Mzee, sauti yake nzima, inakwama njiani tu. Waya wako wa spika ni wa shaba, tena umeungwa kwa plasta. Wangu umesukwa kwa nyuzi za fedha. Na una mwanzo na mwisho: ukiufunga kinyume, sauti itakuja imekupa mgongo."

Msidhani alikuwa tapeli. Kwake alifunga waya wa aina hiyohiyo kwenye pasi ya umeme, na akaapa nguo zinanyooka zaidi.

Akafunga. Mzee akasikiliza, machozi yakamtoka. "Nasikia anavyovuta pumzi!" Majirani nao wakasikia. Mmoja alisikia bangili. Mwingine alisikia harufu ya asumini, ndani ya kaseti.

Akaja Bi Mwatumu, shoga wa marehemu. "Shemeji, waya mzuri, lakini spika zako zimekaa sakafuni. Saruji inanyonya sauti." Alikuwa amekata miguu ya kitanda chake cha mvule, kitanda cha arusi yake, akachonga vigurudumu vinane. Tangu siku hiyo alilala chini. Akavipanga chini ya spika.

Mzee akaruka. "Ametoka redioni! Yuko pale, kwenye kiti chake!" Siku hiyo alikula sahani mbili za wali. Kesho yake akanyoa ndevu.

Hapo ndipo akaja Salha, mtoto wa dada yake, mwalimu wa sayansi.

"Mjomba, nikuwekee pazia. Nyuma yake nitafunga mara waya wa fedha na vigurudumu, mara waya wako wa zamani na sakafu tupu. Mara kumi. Wewe sema tu ni upi."

"Kipofu atasikia!" akasema Makame.

"Kiziwi pia," akasema Bi Mwatumu.

Wakakaa wote watatu, macho wameyafumba kama wako msibani. Kaseti ikaimba mara kumi. Mzee akapatia mara tano. Bi Mwatumu tano. Makame, fundi, akapatia nne. Sarafu ingerushwa hewani ingepata tano vilevile, bila kuandaliwa chai.

"Pazia limekunywa sauti," akasema Makame.

"Na mimi nina mafua," akasema Bi Mwatumu, ambaye hakuwa na mafua.

Mzee akauliza, "Na ile mara ya saba, nilipolia?"

Salha akasema, "Ulikuwa waya wa plasta, Mjomba."

Mzee akaizima redio. Siku tatu hakugusa redio. Siku ya nne akamwita Salha, akasikiliza kwa waya wa zamani, spika ziko sakafuni.

"Umesema kweli," akasema. "Ni yeye, na alikuwa yeye tangu mwanzo. Hakuna mtungi. Lakini kabla ya pazia nilikuwa namsikiliza Mwanakombo. Sasa najisikiliza mimi ninavyosikiliza. Na pale kitini hayupo mtu."

Wali uliopikwa siku ile ukaliwa na kuku.

Hata hivyo Makame, Bi Mwatumu na Salha wote walikuja kuudai udi.

Makame akasema, "Mimi ndiye niliyemliza kwanza. Kabla ya waya wangu, nani alisikia pumzi?"

Bi Mwatumu akasema, "Mimi ndiye niliyemrudisha mezani. Mwenzenu nalala sakafuni kwa ajili yake! Kama ni uongo, basi uongo huo umemnenepesha."

Salha akasema, "Wao walimwambia sauti haimfikii, wakampa dawa ya ugonjwa ambao hakuwa nao. Mimi nilimwonyesha kwamba haikupotea hata siku moja. Aliahidi udi kwa atakayemrudishia sauti, hakuahidi kwa atakayemfurahisha."

Mzee Mwidadi ameutungua udi ukutani, ameupakata, hajui ampe nani. Basi semeni nyinyi, wenye masikio makali kuliko ya mtaa ule: mmoja alimpa machozi, mmoja akampa njaa ya wali, mmoja akampa ukweli na nyumba tupu. Je, nani alistahili udi wa Mwanakombo?